Vitabu Vibaki Isyeto: Maneno ya Kina Mama Walezi kwa Mwalimu Yotamu

Mgeni rasmi, Mwalimu Yotamu, uliyetumwa na wakuu wa misheni kuziangalia nyumba za vitabu za ufukwe huu;
Wazee wa kanisa na wazee wa kijiji;
Wapagazi mliofuatana na mgeni wetu;
Ndugu zetu nyote mliopanda hapa kilimani:

KUKUKARIBISHA

Sisi kina mama tunaolea watoto wa wenzetu hapa Isyeto tunakusalimu. Mugonile, Mwalimu. Karibu. Kama maji yalikuwa na mawimbi njiani, pole.

Uliposhuka kwenye mtumbwi tulikuona. Ulisimama kidogo na kukitazama kilima hiki kabla hujakanyaga mchanga vizuri. Wapo kati yetu waliotaka kukukimbilia. Hawakuthubutu, kwa sababu wazee wa kanisa walitufundisha kwamba mgeni wa wakuu hupokewa kwa mstari na wimbo. Basi tukapanga mstari, tukaimba, ukatupa mkono mmoja mmoja. Samaki mbasa amekwisha pikwa, na wali ni wa mchele mpya kutoka Njisi. Hutaondoka na njaa.

Anayesoma mbele yako ni Felista, binti Aliko. Nimechaguliwa kwa kuwa nilijifunza herufi kwenye baraza hii hii unayoiona nyuma yangu. Lakini maneno ni yetu sote. Tuliyasema tukisuka mikeka, tukibishana, mimi nikiandika, na pale tuliposhindwa kukubaliana niliandika yale aliyosema Mama Angetile.

Tunajua ulilokuja kufanya. Masanduku matupu yameshuka pamoja nawe na tumeyaona. Tutafika huko. Kwanza turuhusu tueleze tulikotoka, kwa sababu hawa uliofuatana nao hawajui, na wewe mwenyewe jambo hili lilipoanza ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, wanawake wa ufukwe huu ni wafinyanzi. Udongo haumsubiri mtu. Ukishakandwa, sharti ufinyangwe kabla haujakauka, na chungu kikishaanza kuinuka hakiachwi nusu. Vyungu vikishachomwa hupakiwa kwenye mitumbwi hadi Mwaya, vikabadilishwa na mpunga na ndizi. Miaka ile boma la Wadachi lilikuwa bado huku ufukweni, kabla halijahamia juu Tukuyu, na mara nyingi waume zetu waliitwa kubeba mizigo. Mwanamke alibaki na udongo, jembe na watoto. Watoto walikaa na yeyote aliyekuwa karibu. Mara nyingi hakuwapo mtu.

Mama yako, Neli, siku moja ya kiangazi alikuwa akilainisha shingo ya mtungi mkubwa. Wewe ulikuwa umelala mgongoni. Dada yako Atuganile, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia, alikuwa pembeni yake akichezea tonge la udongo. Neli aliinua kichwa, mtoto hayupo. Tonge lile lilikutwa ukingoni mwa maji, limebaki na alama za vidole. Kesho yake ziwa lilimrudisha kwenye matete.

Tunasema kwa maneno machache kwa sababu Neli naye alikuwa akisema kwa maneno machache.

Baada ya matanga Neli hakuweza kuushika udongo. Alikufunga mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni, hakukuweka chini hata alipokuwa akipika, na nyumbani kwake njaa ikaingia. Jirani yake alikuwa Angetile, ambaye hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Angetile akamwendea.

"Nipe huyu wa mgongoni," akasema. "Wewe finyanga."

"Na wewe utafanya nini mchana kutwa?"

"Nitamtazama."

"Kazi zako?"

"Hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu."

Neli akaifungua nguo iliyokufunga mgongoni. Hivyo ndivyo ulezi ulivyoanza Isyeto, Mgeni rasmi. Hakuna aliyeuamuru na hakuna aliyeulipa. Mama mmoja alileta wake, na wa pili, na wanaolima mpunga nao wakaja. Anayepata samaki aliacha samaki, mwenye ndizi aliacha ndizi, asiye na kitu aliacha mtoto tu. Wanawake wengine walijiunga na Angetile, wengi wao wazee ambao migongo haiwaruhusu tena kuinamia jembe. Watoto wote walimwita Juba, yaani mama, wakiwamo wenye mama zao.

Walikaa kwenye kibanda cha matete. Lakini kulea si kukodoa macho tu. Mtoto aliyekaa siku nzima bila jambo jipya hulia, hupigana, hutoroka kurudi majini. Angetile alisimulia hadithi zote za bibi yake mpaka zikamwishia, akazianza upya, na watoto wakawa wanammalizia kabla hajafika mwisho.

Nyumba ya Vitabu ilikuwa imekwisha jengwa juu hapa, ya matofali ya kuchoma, na baraza pana. Watu wa pwani huiita maktaba. Iliwekwa kwa ajili ya watu wote wa ufukwe, aliyebatizwa na asiyebatizwa, yeyote atakaye kusoma au kusomewa. Mlinzi wake alikuwa Mwalimu Ezra, mtu wa Rungwe, mpole, mwenye kikohozi. Watu wazima walipita chini na majembe yao wakamsalimu kwa mbali, naye akabaki akikung'uta vumbi kwenye vitabu visivyofunguliwa.

Siku moja mvua kubwa ilikiangusha kibanda cha matete. Angetile na wenzake walipanda kilima mbio, watoto mikononi na migongoni, wakajibanza chini ya upenu wa Mwalimu Ezra.

"Mama," akasema Ezra, "watoto hawa wana matope."

"Nayaona," akajibu Angetile. "Mvua nayo unaiona."

Ezra akacheka mpaka akakohoa. Akatandika mkeka, akatoa kitabu cha picha za wanyama ili watoto wanyamaze. Walinyamaza. Wewe, Mgeni rasmi, ndiye uliyeweka kidole juu ya picha ya twiga.

"Huyu anakaa wapi?"

"Mbali," akasema Ezra.

"Mbali ya wapi?"

Ezra akakusomea kilichoandikwa chini ya picha, na wewe ukamtaka asome tena. Mvua ilipokatika Angetile hakuinuka. Jua lilipoanza kushuka, Ezra akasema, "Rudini kesho." Tukarudi kesho yake, na kila siku baada ya hapo isipokuwa Jumapili.

YALIYOPATIKANA

La kwanza, tangu walezi walipohamia barazani hadi mlango wa Nyumba ya Vitabu ulipofungwa, ziwa halikuchukua mtoto hata mmoja aliyekuwa mikononi mwetu. Tungeweza kuishia hapo, maana kwa mama wa Isyeto hilo pekee linatosha.

Lakini tulipata na mengine. Palikuwa na kijitabu cha homa na kuhara. Mwalimu Ezra alitusomea sisi walezi watoto wakiwa wamelala adhuhuri, na hatukukubali kirahisi.

"Aliyeandika hayo amewahi kulea?" Angetile alimwuliza.

"Sijui, Mama."

"Basi soma polepole, tumsikilize kama amewahi."

Alisoma polepole. Maji yachemshwe. Anayeharisha asinyimwe maji, anyweshwe kidogo kidogo. Yapo tuliyoyajua tangu kwa bibi zetu, tukafurahi kuyaona yameandikwa. Yapo tuliyoyakataa, na yapo tuliyoyajaribu kwa kusitasita tukaona yanafaa. Mwaka ule wa kuhara damu tulizika, hatusemi hatukuzika. Ila walio hai waliokunywa maji yaliyochemshwa kwenye vyungu vyetu wapo, wengine wamekaa mbele yako leo na watoto wao.

Tena, kabla ya hapo kila mlezi asiye wa kibanda cha Angetile alikuwa peke yake nyumbani kwake na hofu zake. Mtoto akikataa kula, alidhani ni kosa lake. Barazani tulikutana. Mmoja alisema, wa kwangu hasemi bado, na mwingine akasema, hata huyu wangu alichelewa, msikie sasa. Huwezi kujua, Mgeni rasmi, jinsi neno la namna hiyo linavyoondoa mzigo.

Na wale wazee wasioweza kupanda kilima hawakuachwa. Mwalimu Ezra aliruhusu vitabu vishuke. Tulivifunga kwa nguo safi, vikalala nyumbani kwa mlezi, vikarudi. Wapo waliosema wanawake wa udongo watavichafua. Tuliosha mikono. Udongo hutoka kwa maji.

Mimi Felista nilijua kusoma bila mtu kuniita shuleni. Wewe ulifika shuleni ukiwa unasoma tayari, na ndiyo maana walimu walikutaka, wakakupeleka milimani, kisha mbali zaidi.

Hapa tunaomba utusikilize kwa utulivu, kwa sababu tulibishana kama tuliseme au tusiliseme. Linahusu mama yako.

Ulipokwisha ondoka, Neli alipanda hapa siku moja baada ya kuchoma vyungu. Hakuwahi kuingia kabla ya hapo. Mikono alikuwa ameifuta kwa majani, akaificha nyuma. Akaniambia, "Felista, nisomee kile cha wanyama."

Nikamwambia, "Mama, hicho ni cha watoto wadogo."

"Ndicho ninachokitaka. Nataka kujua mwanangu alikuwa akisikia nini nilipokuwa kwenye udongo."

Nikamsomea. Alisikiliza ukurasa baada ya ukurasa. Tulipofika kwa twiga akacheka peke yake, akasema, "Basi huku ndiko alikokuwa akienda." Tangu siku ile kila alipomaliza kuchoma alipanda. Tulipokimaliza kitabu kile tulianza cha pili, kisha cha tatu, kwa utaratibu ule ule mliosomewa nyinyi. Alikuwa akivifuata nyuma yako. Wengine walimwambia aache, anajiongezea uchungu. Aliwajibu kwamba uchungu anao kwa siku alizokuwa karibu nawe asikuone, si kwa siku za sasa.

Alikufa kwa homa msimu wa baridi, si mwaka huu uliopita bali ule wa kabla yake. Ulipelekewa habari. Tunajua njia ni ndefu, na kazi ya wakuu si kitu mtu anachokiacha apendavyo. Hatukulaumu, Mwalimu. Tulitaka tu ujue jinsi alivyokungoja. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa akipanda kilima kusikiliza.

YANAYOTUSUMBUA

Kifua cha Mwalimu Ezra kilizidi, akarudi kwao Rungwe. Hakuletwa mwingine. Mlango ukafungwa, na ufunguo ukakabidhiwa mzee wa kanisa anayekaa mbali na ana kazi nyingi. Mwanzoni tuliendelea kukaa barazani bila vitabu. Ilikuwa vigumu kuliko tulivyodhani. Watoto walikuwa wakigonga mlango, wakidhani Mwalimu amelala. Paa likaanza kuvuja, boriti moja ikaliwa na mchwa, tukaambiwa tuondoke isije ikatuangukia.

Tukashuka tena kwenye matete, karibu na maji na karibu na mashimo ya kuchomea vyungu. Walezi tukatawanyika, kila mmoja kwake. Masika iliyopita mjukuu wa jirani yetu Raphaeli aliteleza kwenye shimo ambalo majivu yake yalikuwa bado na moto ndani. Yu hai, tunamshukuru Mungu. Ni yule aliyekaa mkono wako wa kushoto na nguo ya buluu. Tunaomba usimtazame sana mkono, huona aibu.

Halafu tukasikia kwamba nyumba hii haina wasomaji, na kwamba shule ya walimu huko milimani inahitaji vitabu. Hatuwapingi wenye haja. Mwalimu asiye na kitabu ni mkulima asiye na jembe, hata sisi tunalijua hilo. Lakini tungependa kuuliza kwa adabu: msomaji ni nani? Mtoto aliye mgongoni anayenyoosha kidole kwenye picha na kutamka jina la mnyama, huyo si msomaji? Mlezi asiyejua herufi anayekumbuka kila neno la kijitabu cha homa na kumwokoa mtoto kwa neno hilo, naye amehesabiwa wapi? Neli alihesabiwa wapi?

Mama Angetile hakusimama kwenye mstari wa mapokezi. Macho yake yameingia ukungu, hatambui tena mtu kwa sura. Yuko pale mbele, juu ya mkeka. Tulipokuwa tukiyaandika haya alinikatiza.

"Usimwandikie maneno ya kuombaomba," akasema. "Mwambie tu nimewakosa."

"Umewakosa kina nani, Juba?"

"Watoto wakiwa wengi pamoja. Na sauti ya mtu anayesoma. Siku hizi pamekuwa kimya sana. Kuona siwezi tena, basi hata kusikia nako kuniondokee?"

Nikamwuliza kama kuna neno la kumwambia Mgeni rasmi mwenyewe. Akasema, "Mwulize kama huko aliko wanamchemshia maji."

Tumekuuliza.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, tunaomba vitabu vibaki Isyeto. Kama vyote haviwezekani, chukua vile vikubwa vya walimu, ambavyo kwa kweli sisi hatuvifungui. Tuachie vya watoto, na kijitabu cha homa, na vile vya hadithi ambavyo mlezi anaweza kushuka navyo kwa mgonjwa au kwa mzee.

Tumesikia kwamba vitabu havina usalama hapa kwa sababu ya mchwa na mvua. Wafinyanzi wetu wamelifikiria hilo. Wamefinyanga mitungi mipana yenye vifuniko vinavyokaza, wameichoma mara mbili, imesimamishwa juu ya mawe yaliyozungukwa na majivu, na mchwa hawapiti penye majivu. Iko ndani ya uzio wa Raphaeli, mtaonyeshwa. Tuliweka ndani yake nguo na majani makavu masika yote, havikupata unyevu. Paa tutaliezeka wenyewe. Vijana wameahidi kukata nyasi na kubadilisha boriti ile. Hatuombi misheni itugharimie.

Tunaomba ufunguo ukae kwa mtu wa hapa hapa. Kama wakuu watakubali, mimi Felista nitafungua asubuhi na kufunga jioni mpaka watakapomleta mwalimu. Na kama watamleta, tunaomba awe mtu asiyechukia matope.

Tunaomba tena walezi wanaokaa mbali, wa Mbugani na wa kule kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela, waruhusiwe kuja siku moja moja wakae nasi, wasikie, waazime, warudi. Nao wana watoto na wana maji karibu.

Kama uamuzi si wako, na huenda si wako, yapeleke maneno haya kwa waliokutuma kama yalivyo. Wala usiyatengeneze. Na kama ni lazima masanduku yajae leo, hatutasimama mlangoni. Hawa wapagazi ni wana wa watu, tutawapa chakula cha njiani na kuwasindikiza hadi kwenye mitumbwi. Lakini tutahuzunika, na huzuni hiyo hatutaificha kwa wimbo.

Ombi letu la mwisho ni dogo, na tunaomba ulitimize kabla hujatupa jibu lolote. Mlango umefunguliwa asubuhi hii kwa ajili yako. Watoto wameoshwa na wamekaa barazani tangu wimbo ulipoisha. Wengi wao walizaliwa karibu na siku mlango ulipofungwa. Hawajawahi kusikia kitabu kikisomwa, na hawajui kwamba kinaweza kusema. Ingia ndani, uchague chochote mkono wako utakachokipenda, ukae nao chini, uwasomee. Sisi tutanyamaza. Wazee watanyamaza. Jibu lako tutalisikia baadaye, likiwa zuri au baya.

Mungu Mwenyezi, ambaye sisi hapa tunamwita Kyala, akutunze majini na milimani. Akupe watu wa kukutazama mahali ambapo macho yetu hayafiki. Awape wakuu wako masikio, awape mama wa ufukwe huu mikono yenye nguvu na mioyo isiyo na hofu, na watoto wao wakue mpaka wazike wazazi wao, wala isiwe kinyume chake. Ndaga fijo, asante sana.

Ni sisi,
Kina Mama Walezi wa Baraza ya Vitabu,
Isyeto, ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.
Mwezi wa Juni, mwaka 1914.